Kufuli za Katoni Moja

Fundi Komeo hakupenda kuitwa muuza kufuli. Muuza kufuli, alisema, ni yeyote mwenye kaunta. Fundi ni mwenye mikono. Kibanda chake kilikuwa kwenye kona ya mtaa, hakizidi upana wa mlango mmoja na nusu: jiriwa ya kubania vyuma juu ya meza, ubao wa funguo ambazo hazijachongwa meno, na kiti cha mteja kilichofungwa waya mguuni. Kwa miaka ishirini na miwili, kila aliyeibiwa alianzia kwake kabla ya kwenda polisi. Polisi waliandika tu; Fundi alifunga mlango.

Kuna mwaka wezi walizidi. Mwenyekiti wa mtaa, mtu aliyependa hesabu kuliko chakula, alihesabu milango kumi na tisa iliyovunjwa katika miezi minne. Fundi akaagiza katoni ya kufuli sitini, nene, nzito mkononi, kila moja na namba yake. Watu walizigombania. Na kweli, milango ikaacha kuvunjwa. Mwenyekiti alibandika karatasi ukutani mwa ofisi yake: miezi minane, mlango uliovunjwa hakuna. Mkutanoni Fundi alitajwa kwa jina, akasimama na kuinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao haukumdanganya mtu.

Vitu viliendelea kupotea, lakini havikuingia kwenye karatasi ile. Redio hapa, pasi pale, simu iliyoachwa ikichajiwa. Mlango ukiwa mzima, huo haukuwa wizi wa mtaa bali ugomvi wa nyumbani, na watu wa kila nyumba walinuniana kivyao.

Basi mchana mmoja shemeji yake, mdogo wa mkewe, alifika kibandani akihema.

"Shemeji, ufunguo umeniponyoka sijui wapi, na sufuria nimeiacha motoni!"

"Umetafuta kwenye mkoba?"

"Nimeumwaga wote barabarani! Twende, tutaongea nyumba ikishaungua!"

Walikimbia, na kwa haraka ile Fundi aliacha mfuko wa vifaa. Alipofika mlangoni alichomoa ufunguo wa nyumba yake mwenyewe, akauingiza kwenye kufuli, nayo ya katoni ile ile kama yake, ili apapase tu springi za ndani zilivyokaa. Ukazunguka. Kufuli ikafunguka kama inayomfahamu.

"Ndiyo maana unaitwa fundi!" shemeji akapiga kelele, tayari yuko jikoni.

Fundi alichomoa ufunguo wake na kuyatazama meno yake. Alirudi kibandani, akaazima funguo za majirani tisa walionunua kufuli zile kwa kisingizio cha kuzisafisha, akazipanga chini ya taa. Namba zilitofautiana zote. Meno yalikuwa ya aina tatu tu. Miaka yote ile alikuwa anajaribu kila kufuli kwa ufunguo wake yenyewe, na hakuwahi hata siku moja kuijaribu kwa ufunguo wa kufuli jirani.

Mtu mwingine angefikiria kwanza kibanda chake. Fundi alimfikiria Mama Pacha, na aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Mama Pacha alikuwa akifanya kazi za ndani kwa mwalimu mstaafu, mwanamke wa heshima aliyeishi peke yake ndani ya jengo lenye ujia mrefu wa giza. Miezi mitatu nyuma, kompyuta ya Mwalimu ilitoweka. Fundi aliitwa. Alipiga magoti mlangoni, akaichunguza kufuli, mojawapo ya zile sitini, akainuka na kusema mbele ya wapangaji wote: "Hii haijaguswa. Imefunguliwa kwa ufunguo." Wenye ufunguo walikuwa wawili, Mwalimu na Mama Pacha.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mwalimu alisema, na hakusema zaidi. Mama Pacha aliondoka jioni ile na mfuko mmoja. Polisi hawakuitwa, na mtaa mzima ukasifu huruma ya Mwalimu.

Kwa siku mbili Fundi hakula vizuri. Akisema, jina lake limekwisha, na kila mwizi atajua kuwa ufunguo mmoja hufungua milango mingi. Akinyamaza, mwizi wa kujua anajua tayari.

"Mume wangu, una nini?" mkewe akauliza.

Akamweleza.

"Mficha uchi hazai," mkewe akasema. "Nenda kaseme."

Alisema, mkutanoni, akiwa amesimama palepale aliposifiwa. Kelele za watu zilisikika mpaka barabara kuu. Kufuli zilirudishwa kibandani kwa mafungu, nyingine zikitupwa mezani bila salamu. Mwenyekiti aliuliza jambo moja tu: "Lakini milango haikuvunjwa, au siyo?" Karatasi ilibaki ukutani.

Mwalimu alikuja kesho yake, akakaa kwenye kiti chenye waya.

"Mtafute, umwombe msamaha kwa niaba yangu, umwambie arudi," alisema. "Mimi sina uso wa kumwendea."

Fundi alimkuta Mama Pacha upande wa pili wa mji, uani mwa nyumba ya wageni, akifua mashuka. Hakuna nyumba ya mtaa ule iliyokuwa imemtaka tena.

"Habari za siku nyingi, dada."

"Nzuri, Fundi." Mikono yake haikusimama.

Alimweleza yote: katoni, namba, meno ya aina tatu. Alimwambia kwamba mtaa sasa unajua, na kwamba Mwalimu anamwomba msamaha na kumtaka arudi kazini. Kisha akaomba radhi kwa ajili yake mwenyewe. Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho huku akikamua shuka.

"Siku ile ulipokuwa unaichunguza kufuli," akasema, "mimi nilikuwa wapi?"

Fundi alijitahidi kukumbuka. Aliikumbuka kufuli: mkwaruzo mdogo chini ya tundu, vumbi pembeni, mwanga uliotua ndani vizuri mpaka akaona kila kitu. Lakini Mama Pacha hakuwemo popote katika kumbukumbu hiyo.

"Sijui, dada. Kusema kweli, sikumbuki."

"Nilikuwa nimekushikia tochi," Mama Pacha akasema, akachukua shuka jingine.