Mkono Usio na Mwenyewe

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, ni ile niliyoteremka kutoka Maguu hadi Mbamba Bay nikaikuta picha yangu imesimama kwenye lango la bustani moja ya burudani, kubwa kama mlango wa kanisa. Nilikuwa nimeshuka kwenye lori na sweta la baridi ya kwetu mwilini, joto la ziwa likanipokea, wala sikukumbuka kulivua. Nilisimama pale nikiitazama huku watu wakinipita. Nilitamani kumshika mmoja wao mkono nimwambie, hii nimepiga mimi. Nakueleza mapema ili usije ukadhani nilianza kwa hasira. Nilianza kwa furaha, tena furaha ya kijinga.

Wakati huo nilikuwa kijana mpiga picha. Kamera aliniachia mjomba wangu, aliyekuwa na studio Mbinga mjini, na kazi alinifundisha yeye. Tulitumia mkanda. Ukishapiga, unapeleka kusafisha, mteja anapata picha yake ya karatasi, na mkanda unabaki kwako. Ninyi wa simu hamkuujua utamu wa kusubiri picha, lakini tuyaache hayo. Wakati wa sikukuu na likizo za shule, familia za milimani ziliteremka kupumzika ziwani, nami nikizifuata huko huko.

Zilikuwa zinafikia kwenye bustani hiyo, kando ya maji. Mwenye bustani, Mzee Wilfredi, alikuwa fundi mwashi, na kila kilichokuwamo alikijenga kwa mikono yake: nguzo za bembea, mteremko wa saruji wa watoto kutelezea hadi bwawani, na katikati, fahari ya mahali pale, samaki mbasa wa saruji, mrefu kama mtumbwi, amepakwa rangi ya fedha, mgongo umelainishwa ili mtu apande na kukaa. Bustani ilikuwa na jina lake rasmi, lakini hakuna aliyelitumia. Watu walisema tu wanakwenda Kwa Samaki. Mzee Wilfredi alikuwa ameniruhusu mimi peke yangu kupiga picha humo, na ruhusa hiyo ndiyo iliyonilisha. Siku akisema sikutaki, nilikuwa nimekwisha.

Sasa picha yenyewe. Mama mmoja mjane wa Mapera, mkulima wa kahawa, aliteremka na wanawe na wajukuu baada ya mavuno. Kila mtu alimwita Bibi Gaudensia. Samaki wa ziwa alikuwa amewala maisha yake yote, ziwa lenyewe hakuwahi kuliona. Wajukuu wakaanza kumtania kwamba hawezi kumpanda mbasa. Alikaza kitenge chake, akapanda, akakaa upande kama mtu aliyekaa kwenye kigoda chake jikoni. Binti yake wa mwisho, Kolumba, alimshika mgongoni asianguke, na wengine wakajipanga kulia na kushoto. Bibi akaangalia chini, akaona yuko juu ya samaki kweli, akacheka. Hapo ndipo nilipobonyeza.

Mwanangu, nimepiga picha nyingi, na mtu hapaswi kujisifu, lakini ile ilikuwa nzuri. Familia ilipata nakala zake. Mzee Wilfredi naye alipoiona aliomba nakala moja ya kuweka sebuleni, kumbukumbu ya samaki wake, nikamuuzia. Ni hiyo aliyoipeleka kwenye studio moja huko mbali, wakaipiga upya, wakaikuza, akaibandika kwenye ubao langoni ili kuwaita wageni. Mimi hakuniambia neno. Nami nilivyokuwa nimelewa sifa, sikuona kwamba nilipaswa kuambiwa.

Nilipopanda tena milimani nilipitia Mapera kumpelekea bibi habari njema. Nilimkuta uani anachambua kahawa kwenye ungo. Nikamwamkia, nikamweleza: uko langoni, mkubwa kuliko ulivyo, kila anayeingia anaanza kukuona wewe. Akatabasamu kidogo. Kisha akauliza wanawe wametokeaje. Nikamwambia wanawe hawapo, wamekatwa, amebaki yeye na samaki.

"Na Kolumba?"

Nilikuwa nimeiona picha ile kwa muda mrefu bila kuiangalia. "Mkono wake upo," nikasema.

"Mkono upo, mwenyewe hayupo?"

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Mgongoni kwa bibi palibaki vidole vinne na kipande cha kiganja, vimemshika, na nyuma yake hakuna mtu. Bibi aliweka ungo chini. Hakupandisha sauti. Alisema yeye ana wana na wajukuu, na aliteremka nao lori moja, na sasa amesimamishwa langoni kwa watu kama mwanamke asiye na kwao, kashikwa na mkono usio na mwenyewe. Nakuambia ukweli, nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha akaniuliza swali lililonibadilisha. Aliuliza ile picha ni ya nani. Nikajibu haraka, ni yako, bibi. Akauliza, na wewe ukiwaeleza wenzako habari zake, unaiitaje? Nikasema, nasema picha yangu.

"Basi ni yangu na ni yako," akasema. "Yeye cha kwake ni samaki."

Akaamua tuteremke wote kwa Mzee Wilfredi. Nilianza kujitetea. Nilimweleza kwamba ile bustani ndiyo kazi yangu, kwamba nikimuudhi mzee yule nitarudi kuchimba ngolo, yale mashimo ya kilimo cha milimani, shambani kwa baba yangu, na nikamwomba tukifika aseme yeye kwa niaba yetu wote wawili, maana mtu mzima husikilizwa. Bibi alinitazama mpaka nikashusha macho.

"Sura yangu nitaisemea mimi," akasema. "Mkono uliopiga ujisemee. Ukinyamaza, na wako utakuwa hauna mwenyewe."

Hilo ndilo karipio ninalolishukuru mpaka leo. Wengine hukaripiwa kwa kusema sana. Mimi nilikaripiwa kwa kunyamaza, na nilistahili.

Tulifika Kwa Samaki mchana. Bibi alisimama kwanza mbele ya ubao, akauangalia ule mkono, akaugusa kwa kidole. Mzee Wilfredi akatoka mbio, akampa shikamoo, akatukalisha kwenye benchi karibu na mbasa, akaagiza soda. Alikuwa na furaha kweli, akidhani bibi amekuja kujiona. Bibi akamwacha amalize ukarimu wake, ndipo akamweleza kwa upole kwamba alikubali kupigwa picha na watu wake, si kukatwa kutoka kwao, wala kukaa langoni kuita wateja bila kuulizwa.

Mzee wa watu alishangaa. Aliomba radhi papo hapo, na sikuona unafiki usoni pake. Alisema aliinunua ile picha kihalali, akajua mambo yamekwisha, na kwamba aliona anampa bibi heshima. Wale wengine aliwakata kwa sababu ubao ulikuwa mwembamba. Bibi akaitikia kwa kichwa. Kisha akakunja mikono, akageuza uso kuangalia ziwa, na hakusema tena.

Nikajua ni zamu yangu. Soda ilikuwa mkononi. Nikaiweka chini.

"Mzee," nikasema, "nilichokuuzia ni karatasi moja ya kuweka sebuleni. Kuikuza, kuikata na kuibandika langoni hukuniomba. Ile picha nimepiga mimi."

Akanigeukia. Ukarimu wote ukamwondoka. "Kijana, unapigia picha kwenye bustani ya nani? Na huyo samaki ni wa nani?"

Nilijua maana ya swali hilo. Kazi yangu ilikuwa inaning'inia hapo. Nilimtazama bibi, bibi akatazama maji. Basi nikasema, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza na kurudi nyuma ni aibu zaidi. Nilimwambia samaki ni wake, amemjenga yeye, hakuna asiyejua, na sijawahi kumwambia mtu kwamba ni wangu. Nikamwomba sasa afikirie, fundi mwingine aje hapa kama mgeni, alipe kiingilio, apime mbasa huyu kichwa hadi mkia, akajenge wa kwake huko Liuli, na kwa kuwa kiwanja chake ni kidogo amkate mkia, kisha awaambie watu njooni Kwa Samaki.

Nikaona macho ya Mzee Wilfredi yanahama kwangu polepole yanakwenda kwa mbasa.

"Amkate mkia?"

"Amkate mkia, mzee. Na jina lako asilitaje."

"Mkia ule ulinitesa," akasema, wala hakuwa anasema na mimi tena. "Ulianguka, nikaujenga upya, ukaanguka." Akajisugua viganja vyake vya uashi. "Ningemfuata huko huko Liuli."

Akainuka, akaenda langoni, akaung'oa ubao yeye mwenyewe. Nilidhani na mimi atanifukuza baada ya hapo. Aliporudi aliuweka chini mbele yetu, akauliza tunataka iweje. Bibi akasema atakaa langoni na watu wake wote au hakai kabisa. Mimi nikasema itasafishwa kutoka kwenye mkanda wangu, nzima kama nilivyoipiga, jina langu liandikwe, na itumike hapo langoni tu, akitaka kwingine aniulize. Malipo tulipatana pia, lakini hayo si ya kukueleza wewe. Mzee Wilfredi alikubali, kisha akasema ubao hautatosha watu wote hao. Akajenga ukuta. Fundi ni fundi.

Laiti ungeuona ukuta ule, mwanangu. Bibi juu ya mbasa anacheka, ukoo wote umemzunguka, na Kolumba nyuma yake na mkono wake, mkono na mwenyewe. Chini Mzee Wilfredi aliandika kwa rangi, kwa mwandiko wake wa kifundi: Bibi Gaudensia na watu wake, kutoka Mapera. Picha na Otmari wa Maguu. Samaki na Wilfredi. Alijiweka na yeye, na ilikuwa haki yake. Siku hiyo nilikumbuka kulivua sweta, nikatembea ufukweni kifua mbele. Sikufukuzwa. Nilipiga picha Kwa Samaki mpaka macho yangu yalipochoka, na kuanzia hapo yeyote aliyetaka kutumia picha yangu alinijia na kuniambia anataka kuifanyia nini. Mara nyingi nilikubali. Kuombwa kwenyewe kulikuwa kunanitosha.

Sasa nisikilize hili la mwisho. Hivi karibuni, asubuhi, mwanamke mmoja aliingia uani kwangu Maguu, kajifunga kanga nyeusi kiunoni. Alikuwa Skolastika, mmoja wa wale wajukuu waliomtania bibi siku ile, sasa ni mwalimu Mbinga mjini. Bibi Gaudensia alikuwa amefariki, katika uzee mzuri, na walitaka picha ya kuitanguliza mbele ya jeneza. Ile ya Kwa Samaki wanayo wote kwenye simu. Wangeingia steshenari yoyote pale mjini na kutoka nayo kabla chai haijapoa. Hawakuingia. Bibi mwenyewe aliwaagiza akiwa hai kwamba isichapwe mpaka Otmari aulizwe.

Skolastika aliniamkia, akaketi, na kabla hata sijampa pole akasema kilichomleta.

"Mzee, tumekuja kukuomba picha yako ya bibi yetu."

Nililia, mwanangu. Sikujificha. Maisha yangu yote nilikuwa nikitafuta namna ya kulisema jambo lile, na mtoto yule alilisema kwa pumzi moja akiwa msibani: picha yako, ya bibi yetu. Nikamwambia wachape kadiri walivyo wengi, na watoto wao wachape, na wasiniulize tena milele, isipokuwa wasimkate mtu. Nikampigia simu mwenye steshenari waliyotaka kuiendea nikamwambia vivyo hivyo.

Mapera kanisani walimtanguliza na picha nzima. Aliyeibeba ni Kolumba, naye sasa ana mvi. Alikuwa amemshika mama yake ndani ya picha, na amemshika nje ya picha, na mikono yote ilikuwa na mwenyewe. Nilisimama nyuma na fimbo yangu, nimejaa huzuni, na nimejaa fahari kiasi kwamba nilishindwa kuimba.

Kwa hiyo nakuasa. Ukienda kutembea, ukapigwa picha na mwenye kazi yake, juu ya bembea au juu ya samaki, karatasi au faili unayopewa furahi nayo nyumbani kwako. Ukitaka kuichapa zaidi, kuikuza, kuikata au kuitangaza, muulize aliyepiga. Hukataa kwa nadra sana. Jina lake kwenye kona usilifute kwa kidole kama ninavyowaona vijana wakifanya siku hizi, maana hapo unabakiza mkono na kumfukuza mwenyewe. Na ukiwa wewe ndiye mpiga picha, muulize unayempiga kabla hujampeleka kwa watu, eleza masharti yako mapema na kwa adabu, na siku ikifika ya kusema hii nimepiga mimi, iseme, hata kama sauti inatetemeka. Usimtume bibi wa watu akusemee.

Mungu akupe jicho linaloona, mkono mtulivu, na kinywa kisichoogopa kutaja kazi ya mkono huo. Akujalie watu wa kukuzunguka, wengi mpaka ubao usiwatoshe. Na siku yako ikifika, huko mbele kabisa, sura yako itangulizwe ikiwa nzima, na anayeibeba awe ameiombea ruhusa.