Spoki Mbili za Mama Nyambura

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Wasoma Mita hakunionyesha mita. Alinipeleka kwa miguu hadi mtaa wa Kamenu, hapo Thika, akabisha hodi nyumba ya kwanza, na tulipokaribishwa akaninong'oneza, "Angalia nyuma ya mlango." Kulikuwa na spoki ya baiskeli iliyopindwa, imening'inia kwenye msumari, na bili zimechomekwa humo moja juu ya nyingine.

"Nyumba iko na spoki, hiyo italipa," akaniambia tulipotoka. "Ile inaweka bili chini ya godoro, hiyo ndiyo itakusumbua."

Ninyi wa siku hizi mnapokea bili kwa simu, katikati ya matangazo ya mikopo na kamari, kisha mnashangaa mkikatiwa maji. Zamani msoma mita alikuwa na ruti yake, yaani mitaa aliyoizunguka kila mwezi. Alisoma namba, akaleta bili kwa mkono, na akajua ni mlango upi una mbwa. Tarehe ya mwisho ikipita, alikuja mkataji na spana, akafunga stopkoki, ile koki ya nje inayoingiza maji, na kuitia sili, kile kiwaya kinachokuzuia kuifungua kisirisiri. Kazi zote mbili nimezifanya.

Mama Nyambura alikuwa kwenye ruti yangu ya kwanza. Alikuwa mjane, anafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, na alikuwa na spoki mbili. Bili ikifika, ilichomekwa siku hiyo hiyo kwenye spoki ya kushoto. Akishauza mayai, alizitoa zote, akaenda kulipa, akarudi kuzichomeka kulia pamoja na risiti. Basi. Hakuwa na daftari wala kikokotoo.

"Maji kwanza, stima pili, sukari baadaye," aliniambia. "Chai bila sukari utakunywa. Chai bila maji utakunywa aje?"

Nilipohamishiwa Ruiru, niliwaeleza wenye nyumba mpya za huko Mugutha habari za spoki mbili. Mkuu wa Bili aliposikia, aliniita ofisini.

"Wewe umeandikwa kusoma mita ama kufundisha watu kupanga nyumba?"

Iliniuma, na bado inaniuma. Mtu huyo huyo alimsifu kila wiki mkataji aliyefunga nyumba nyingi zaidi, akampigia makofi mbele yetu. Kila nyumba iliyofungwa ina mama anayebeba mtungi hadi kwa jirani, na sisi tunapiga makofi! Upuuzi mtupu.

Miezi yangu ya mwisho nilirudishwa Thika, safari hii nikiwa mkataji. Sisi wazee tulikuwa na desturi yetu: Ijumaa hatukati, kwa sababu wanaorudisha maji hawafanyi kazi hadi Jumatatu. Akaja Meneja wa Makusanyo, akasema desturi hiyo ni uvivu. Ijumaa moja nikapewa orodha, na jina la tatu lilikuwa la Mama Nyambura. Nilidhani wamekosea.

Nilimkuta akiwapa kuku chakula. Alifurahi kuniona, mpaka alipoiona spana.

"Msoma mita, kwani umekuja kwangu na hiyo?"

Nyuma ya mlango spoki zilikuwepo. Ya kushoto ilikuwa tupu, na ya kulia ilikuwa na karatasi za zamani zilizogeuka manjano. Watoto wake watatu walikuwa wamemwambia apumzike, wao watalipa kwa simu. Bili zilikuwa zikiingia kwenye grupu yao ya familia. Nikampigia binti yake Nyambura, aliyekuwa Ruiru.

"Haki uncle, mimi hulipa stima. Maji ni Karanja."

Nikampigia Karanja. "Maji si ni ya Nyambura? Ama Kimani?"

Kimani naye alisema aliona wenzake wameweka vidole gumba kwenye grupu, akajua mambo yako sawa. Watoto watatu wasomi, simu tatu za bei, na hakuna aliyelipa! Spoki moja ya baiskeli ilikuwa imewashinda wote. Niliwafokea kama walio wangu, na sijutii.

Nyambura akalipa hapo hapo. Nikampigia Meneja kumwambia.

"Malipo yataonekana Jumatatu," akasema. "Kata."

"Bosi, huyu mama hajawahi kukatiwa maishani. Na ana kuku."

"Mzee, umebakisha siku ngapi hapa? Si umalize vizuri tu."

Nikakata. Sitawaficha. Niliiogopea pensheni yangu, nikainama mbele ya majirani wake na kufunga stopkoki ya mama aliyenifundisha maana ya bili. Jioni hiyo, Jumamosi na Jumapili nilimpelekea mitungi ya maji kwa baiskeli, naye akaipokea.

Lakini kabla sijaondoka Ijumaa ile, alininyooshea mkono.

"Mkikata si mnapeana karatasi? Nipe yangu."

Nikaijaza, nikatia sahihi. Aliisoma yote polepole, akaipangusa vumbi spoki ya kushoto, akaichomeka karatasi humo.

"Watoto wakikuja Krismasi wataipata hapa," akasema. "Na kuanzia leo bili zangu ziletwe kwangu."

Sasa nimestaafu, niko Mugutha. Kijana wangu hunipigia: "Baba, tuma namba ya akaunti nikulipie." Humwambia atume pesa akipenda, lakini kulipa nitalipa mwenyewe. Nami nina spoki zangu mbili nyuma ya mlango.

Juzi nilipita Kamenu kumsalimu Mama Nyambura. Spoki ya kulia imejaa tena, risiti nyeupe juu ya zile za manjano. Ya kushoto ina karatasi moja tu. Watoto wameiona, majirani wameiona, naye amekataa kuitoa. Sahihi iliyo chini yake ni yangu.