Mashini Iliyojaa Wafu

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka tisa, shida ilianza. Baba yangu alikufa mu shimo la dhahabu kule Shabunda, wakamuzika kulekule, kwetu ikafika koti lake tu. Picha hakuacha hata moja. Masomo yangu yakaishia pale. Nilibeba mizigo ya watu, nikauza mikate, nikafagia studio ya mpiga picha mpaka nikajua kazi yake kwa macho, bila mtu kunifundisha. Na uso wa baba umenitoka. Najaribu, sioni kitu. Nasema hayo ili muelewe ugomvi wangu na mashini.

Niko na duka langu Ibanda. Natoa fotokopi, naandika barua za watu, natengeneza picha. Za matanga ndizo nyingi, ile picha kubwa yenye kutembea mbele ya sanduku la maiti. Mashini yangu, kompyuta, iko na Linux. Binti yangu mukubwa, anayefanya kazi ya mashini hizi huko Sange, ndiye aliitia, kwa sababu klé za wateja, vile vijiti vya kubebea picha, zilikuwa zinaniletea virusi kila juma. Wenzangu wa barabara hii walinicheka. Wacheke.

Asubuhi moja, mwaka jana, nilikuta mama mjane amesimama ku mlango wangu. Jana yake aliniletea picha ya bwana yake mu telefone. Niliiingiza mu mashini, nikaisafisha vizuri, halafu courant ya umeme ikakatika mbele ya kuitoa ku karatasi. Nikamwambia arudi. Sasa mu fujo ya matanga telefone yake ilikuwa imepotea.

"Papa, ile ya kwako tu njo imebakia," akasema. "Misa iko saa sita."

Courant ilikuwa haijarudi. Niliwasha mashini na batri ya panneau ya jua. Écran, kioo cha mashini, ikaniomba mot de passe, lile neno langu la siri, nikaliandika. Ikawa nyeusi kidogo, kama mutu anayefumba jicho, kisha ikarudi palepale kuniomba mot de passe. Nikarudilia. Ni vilevile. Kama ningekosea, ingeniambia nimekosea. Haikusema hivyo. Ilinipokea, halafu ikanirudisha inje.

Fundi wa duka la pembeni akachungulia.

"Muzee, Linux yako imekufa. Tufute yote, nikutilie Windows, mbele ya saa tano umemaliza."

"Na vitu vyenye biko ndani?"

"Bitaenda. Kwani wewe njo mulinzi wa makaburi?"

Mama akashika mukono wangu. Nikamwambia fundi arudi kwake.

Nikapiga simu Sange, nikaweka sauti kubwa ili mikono yangu ibaki huru.

"Binti, écran yako inanichezea."

"Leo imekuwa yangu? Haya. Mot de passe inaikubali?"

"Inakubali, na inanirudisha ku mlango."

"Basi mlango ni muzima, shida iko ndani ya nyumba. Finya Ctrl, Alt na F3 pamoja."

Picha zote za écran zikaondoka, kukabaki weusi na herufi nyeupe. Ikaniuliza jina. Jina langu mule ndani ni papa. Nikaandika papa, ikatoka pqpq.

"Sasa inanitukana!"

Binti akacheka mpaka akakohoa. "Haikutukani, papa. Pale herufi za clavier zimegeuka za Kiingereza. Ukitaka A, finya Q."

Nikafinya Q, A ikatoka. Mot de passe nayo niliiandika vile, kidole kikienda kwa jirani kutafuta herufi yake, na bila kuona kitu, maana kule hata zile nyota za kuficha neno hazitokei. Ikaingia. Mama mjane akapiga kigelegele.

"Bado, mama," nikasema.

Binti akanisomea herufi za kuuliza nafasi: d, f, halafu bouton ya entrée. Nikamusomea jibu: mia kwa mia.

"Papa, disque ya kuweka vitu imejaa! Haina hata nafasi ya kukutandikia bureau, meza yako ya kazi, njo maana inakurudisha. Umejaza nini?"

"Kazi."

"Ile dossier ya kuweka picha za matanga, haukufutaka kitu?"

"Hata kimoja."

"Papa! Umejaza wafu mu mashini! Nani atarudi kuomba picha ya mutu alizikwa zamani?"

"Mutoto wake."

Akaacha neno la kufuta wafu. Habari ya koti anaijua.

Kuwahamisha ku klé kwa njia ya herufi tupu ilikuwa kazi ndefu, na batri ilikuwa imeanza kulia. "Basi tutafute kizito kingine," akasema, akanionyesha namna ya kupima uzito wa kila dossier. Yenye kupita zote iliitwa nyumba. Ndani mulikuwa video ya siku padri alibariki nyumba yangu: mimi na suti nyeupe, mama ya watoto anacheza, wale walionidharau wanakula nyama yangu. Wateja wote niliwaonyesha hiyo video. Wengine mara mbili, na hawakuomba.

"Uko na copie yake, papa?"

"Hapana."

"Ngoja, tuangalie kingine..."

Mama mjane alikuwa anatazama saa ya ukutani.

"Nyumba iko," nikasema. "Mwenye kutaka kuiona apande kilima. Soma herufi za kuifuta."

"Papa, soma vizuri mbele ya kufinya entrée. Huku hakuna corbeille ya kuokotea kitu. Kikienda, kimeenda."

Nikasoma. Nikafinya.

Tukazima, tukawasha. Nikaandika neno langu. Écran ikafumba jicho, ikalifumbua, na bureau yangu yote ikatokea. Nikafungua picha ya marehemu.

"Njo yeye," mama akasema. "Na kiburi yake yote."

Batri ilifika mpaka karatasi ikatoka, ikazima. Mama akafunga picha mu kikwembe cha kiunoni, akapanda moto, pikipiki ya kulipia. Nilifunga duka nikamufuata. Saa sita picha ilikuwa mbele ya sanduku, na watoto wake wanaiangalia.

Leo niko na nyumba ya matofali ya kuchoma, bati mpya. Duka. Mashini mbili za fotokopi, moja inakwamisha karatasi. Mashini ya Linux. Panneau na batri. Shamba la mihogo ku njia ya Bunyakiri. Koti la baba. Wafu wa watu, wote, kila mumoja na jina lake. Video ya nyumba sina.