Dakika Kumi za Goti

Siku tuliyomzika mke wangu, mama yake hakufika kaburini. Kaburi liko kwetu magharibi, chini ya mteremko karibu na migomba, na magoti ya mama yalikuwa yamekwisha. Alibaki juu kwenye kiti cha plastiki akisikia nyimbo kwa mbali. Nilipokwenda kumuaga aliniambia, "Sikumsindikiza mwanangu." Nilirudi kwangu Umoja, Nairobi, na neno hilo.

Basi nikamleta huku atibiwe. Kwetu mama mkwe halali nyumba moja na mkwewe, wala mkwe haruhusiwi kuona goti lake. Nikampa chumba cha nje, kile tulichojenga ili kupangisha, nikatundika pazia zito mlangoni. Kliniki ilimpa mazoezi na taa ndogo ya mwanga mwekundu ya kufunga gotini, dakika kumi kila goti. Dada wa mazoezi ya viungo alisema wazi kwamba kilicholika hakirudi. Wengine mwanga huwapunguzia maumivu, wengine wapi.

Wiki mbili, hakuna nafuu. Nilikuwa nimeanza kuilaani taa. Tuliporudi kliniki nilisubiri nje ya mlango, nikamsikia yule dada akiuliza, "Shosho, kwani huwa unaifunga aje?"

"Hapa juu ya leso," mama akajibu. "Na ndani nina sketi na gagulo. Je, mkwe akipita?"

Wiki mbili nzima tulikuwa tunaitibu leso.

Tangu hapo aliifunga kwenye ngozi, nami nikakaa kwenye stuli upande wangu wa pazia, nikiwa bado nimempa mgongo. Macho yake hayaoni saa, na taa ile haijizimi. Kazi yangu ilikuwa kumhesabia dakika kila asubuhi kabla sijaenda kiwandani.

Katika dakika hizo tukaanza kumzungumzia mke wangu. Yeye alinisimulia mtoto aliyekuwa akibandua udongo wa ukutani na kuula. Mimi nilimsimulia mwanamke aliyeunguza chapati kwa sababu ya kucheka. Hamu ya mke wangu ilinishika vibaya kuliko wakati wa msiba. Asubuhi nyingine dakika zilikwisha, nikamdanganya kwamba bado moja, ili asinyamaze.

Baada ya miezi kadhaa akawa anafika dukani na mkongojo wake, akinung'unika njia nzima. Sijui ni mwanga, ni mazoezi au ni ukaidi wake tu. Kisha akafunga mizigo. Nilitaka sana kumwambia abaki, lakini ningemwambiaje, na kilichomleta, kupata magoti ya kuteremkia kaburini, ndicho hicho cha kumrudisha?

Jumamosi iliyofuata simu ililia nikiwa nimekaa kwenye stuli yangu, mbele ya chumba kitupu.

"Mkwe, nimeteremka. Niko naye hapa," alisema, akihema. "Nishikie saa. Dakika kumi, halafu uniambie nipande, mvua inakuja."

Nikashika saa. Nilisikia majani ya migomba, kisha sauti yake ikimsimulia mwanawe kwa lugha ya kwetu habari za taa, za leso, na zangu. Alicheka kidogo, akalia, akaendelea kusimulia. Dakika kumi zikaisha.

"Tayari?" akauliza.

"Bado moja, Mama," nikasema.