Kitanda cha Juu

Nakiri kosa langu, lakini aibu sina. Nina miaka sitini na saba, muuguzi mstaafu wa Morogoro, na mwezi uliopita nilikuwa nazunguka Ulaya na rafiki yangu Zainabu. Stockholm tulifikia hosteli ya vijana. Neema, binti wa kaka yangu, anaishi Fisksätra, nje kidogo ya jiji hilo, na alitaka tukae kwake. Namjua: angetulinda kama mboni ya jicho, tusione hata mtaa. Nikamdanganya kwamba tumepanga hoteli kubwa.

Binti wa mapokezi alitaka kunipa kitanda cha chini, eti kwa umri wangu. Nikang'aka: "Cha juu!" Cha chini nikamwachia Zainabu.

Kupanda, nilipanda. Asubuhi sasa, kila nilipotafuta ngazi kwa mguu, goti liligoma. Wasichana watatu tuliolala nao chumba kimoja wakajitolea kunibeba. Nikawaambia napumzika.

Zainabu akaenda mapokezi kuomba msaada. Kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, badala ya kusema goti limekaza, akasema miguu yangu imekufa. Yule binti akadhani nimepooza, akapiga namba ya ndugu niliyoiandika kwenye fomu.

Baada ya saa nzima mlango ukafunguliwa. Neema huyo, anahema, machozi yanamtoka. Akanikuta huko juu natafuna mkate.

"Shangazi! Hoteli kubwa ndiyo hii?"

Chumba kizima kikanigeukia.

"Ndiyo hii," nikamjibu. "Na usiniguse. Niwekee kiti hapo, nitashuka mwenyewe."