Bwana Bado Kidogo

Pale maabara walimwita Bwana Bado Kidogo, maana hakuna aliyemuuliza kama kazi imekwisha akajibiwa neno jingine. Kazi yenyewe ilikuwa kuibana gesi ya hidrojeni katikati ya ncha za almasi mbili mpaka ikubali kugeuka metali. Milango aliibamiza, vikombe vilimponyoka, lakini akishika skrubu ya kuzikaza almasi hizo alivua viatu na kuizungusha kama anayemfunika shuka mtoto aliyelala. Siku hiyo walibakiwa na jozi ya mwisho ya almasi. Dada wa hadubini alichungulia, akaona gesi iliyokuwa angavu imekuwa nyeusi tii.

“Mzee wangu, umepika mkaa!”

“Usiitukane, dada, itanuna. Bado kidogo.”

Akazungusha kiasi cha unywele. Ule weusi ukang’aa kama kioo. Dada akapiga kelele.

“Inang’aa, imekuwa metali! Acha hapo hapo!”

Mzee akainama, akaiona, akatabasamu mpaka masikioni. Ila mkono, kwa mazoea yake, ukaongeza kidogo. Pa! Almasi zikapasuka. Akabaki anapapasa viatu kwa vidole vya miguu.

“Lakini umeiona?”

“Nimeiona, mzee wangu.”

“Basi imekwisha.”