Mama Nyavu Ahama Golini, Sasa Anavizia Droni

Saa mbili asubuhi, kwenye uwanja wa zamani ambao ndege hazitui tena, Mama Nyavu amepiga magoti juu ya lami iliyopasuka. Anakaza fundo la mwisho kwa meno.

"Kaka yangu angekuona unabana hivyo, angekukana," wifi yake, aliyeshika upande wa pili wa wavu, anamtania.

"Angenikana, ndiyo. Halafu angecheka."

Kwa miaka thelathini, yeye na marehemu mumewe walisuka nyavu za magoli. Waliziacha zilegee kwa makusudi: mpira ukiingia unatulia kwanza, ndipo unaanguka, washabiki nao wapate kushangilia vizuri. Raha iliyoje! Karakana ilijaa mafundi, soga na vicheko.

Kisha zikaja nyavu za kiwandani, rahisi mno. Mume akafariki, mafundi wakatawanyika. Sasa mwenye nyumba anakitaka chumba chake cha karakana mwisho wa mwezi, kazi isipopatikana.

Ndipo kampuni za teknolojia zikaalikwa uwanjani hapa kujaribu mbinu za kuzuia droni zinazoingia pasipotakiwa. Nyingine zinavuruga mawasiliano ya droni hizo. Moja inazirushia wavu kwa mtambo, na hiyo ndiyo iliyomwita asuke.

Jaribio la kwanza lilimwaibisha. Mazoea yana taabu: mikono ililegeza kama zamani, wavu ukajiviringisha hewani na kuanguka kama nguo mbichi. Droni ikapita zake.

"Nililia, sikufichi," anasema. Mhandisi wa kampuni hiyo alimpa nafasi moja tu nyingine, naye akarudi kusuka upya. "Kila fundo nililokaza, niliona kama namfukuza mume wangu mikononi mwangu."

King'ora kinalia. Droni inakuja kwa kasi. Mtambo unafyatuka, wavu unakunjuka mpana, na droni inadondoka ikifurukuta.

"Goooli!" wifi anapiga yowe.

"Mama, tutahitaji nyingine nyingi," anasema mhandisi.

Mama Nyavu anakaa chini palepale, machozi yanamtoka.

"Nitawatafuta mafundi wangu wote walio hai," anasema. "Nimechoka kufungua ule mlango wa karakana peke yangu, napiga hodi kwa viti."

"Kesho natangulia mimi," wifi anamkatiza. "Wewe piga hodi tu, uone kama hutaitikiwa."